Mawe ya Sibdou

Tangsega, 14 Juni 1998

Kwa mdogo wangu mpendwa Tiraogo,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, umekwisha kutua mzigo na kunywa maji, kwa maana haifai mtu kupokea salamu za nyumbani akiwa amesimama. Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji yangu, nawasalimu watoto mmoja mmoja, hata yule wa mwisho ambaye sijamtia machoni. Nauliza habari za kazi, habari za usingizi, na habari za hiyo misitu ya kakao ya Kodivaa, ambako nasikia mvua haijui kukata.

Niwie radhi sana kwa kuchelewa. Barua yako ya Pasaka ilifika salama pamoja na sabuni na kitambaa. Ilinipasa kujibu kabla ya Pentekoste. Niliketi mara tatu kuandika na mara tatu nikaiweka kalamu chini, kwa sababu mapadre walionifundisha kuandika walinifundisha pia kwamba mtu asiandike akiwa na hasira. Leo naandika nikiwa nayo. Nimeingoja iondoke, haikuondoka.

Hapa nyumbani tu wazima. Binti yangu Lamoussa anaendelea kulima pamoja nami tangu alipofiwa na mumewe, na wanawe watatu wanakula vizuri. Kanga wametotoa. Misa ya mwaka wa nne ya marehemu mke wangu Sibdou tuliisomesha mwezi Mei. Watu walikuja wengi, wakanywa maji ya unga ya kukaribishia wageni, wakamsifu kama alivyostahili.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Tarehe sita mwezi huu ilinyesha mvua ya kwanza ya maana. Kopo la kupimia nililopewa na bwana shamba lilionyesha milimita arobaini na moja. Nilisimama ukingoni mwa shamba kuyatazama maji, kama nilivyozoea kila mwaka. Wewe ulijua shamba lile lilivyokuwa: sakafu tupu, ngumu, nyekundu, hata mbuzi hakuona sababu ya kupita. Na wajua lilivyogeuka. Maji huteremka kutoka kilimani kwa haraka, hukuta mstari wa mawe, huchoka, huketi, kisha huingia taratibu katika mashimo ya zaï tuliyoyachimba kiangazi na kuyatia samadi. Mchwa wamekwisha kuulegeza udongo chini. Mbegu hukuta kitanda kimetandikwa.

Safari hii maji hayakuchoka. Yaliingia bila hodi. Yalizoa samadi ya miezi mitatu, yakazoa mbegu, yakaacha korongo la kufika gotini. Mistari mitatu, hatua mia na kumi, haina mawe. Mawe hayo, mdogo wangu, yamo katika ukuta wa ua na katika msingi wa nyumba mpya ambayo fundi wako Zerbo anakujengea karibu na barabara. Nimekwenda kuyatazama. Nimelitambua lile jiwe kubwa lenye mshipa mweupe, ambalo Sibdou alikuwa akiliita Mama Mkwe kwa sababu likishakaa halihamishiki. Lipo chini ya kizingiti chako.

Nakuomba kwa heshima unijibu swali moja tu. Ni nani aliyempa Zerbo ruhusa?

Barua hii anaichukua Mumuni, dereva wa basi la Alhamisi, ambaye ameahidi kuikabidhi mkononi mwako.

Kaka yako,
Anselme

*

Karibu na Soubré, 11 Julai 1998

Kaka Anselme,

Salamu. Sisi wazima, shemeji yako mzima, watoto wazima. Kakao inatoa maua. Umeandika kurasa nne: tatu salamu, moja ngumi. Ngumi ndiyo iliyofika kwanza.

Unauliza nani alitoa ruhusa? Kaka, unaniuliza mimi? Zerbo aliniletea neno mwezi Aprili: "Mzee kasema tuchukue." Nikafurahi, nikamwambia mke wangu, unaona, kaka bado ana moyo. Leo unaniandikia kama polisi. Ama Zerbo aliota ndoto, ama mdomo wako umesahau ulichosema. Uulize.

Halafu acha kuyaita mawe ya Sibdou peke yake. Mwaka ule wa njaa, bwana shamba alipotuletea ule mpira wa maji wa kupimia usawa, nani alishika ncha moja? Sibdou. Na ya pili nani? Mimi. Tulikuwa tunasimama jua kali, yeye kule mimi huku, tunangoja maji ndani ya mpira yatulie, anapiga kelele "Shemeji, teremka kidogo, umekuwa twiga leo!" Tunaweka jiwe. Mawe ya mistari ile mitatu ya chini niliyabeba kwa kichwa, kabla hatujapata punda. Kipara hiki hakikuletwa na uzee.

Na wewe, katekista, ulikuwa wapi? Ulikuwa unafundisha watoto amri kumi. Siku moja ukapita barabarani na jamaa zako wa kanisani, ukasimama, ukasema mbele ya watu: "Tazameni, wanachimba makaburi ya panya." Watu wakacheka. Sibdou aliendelea kuchimba. Mimi mwaka uliofuata nikapanda treni.

Miaka kumi na minne niko huku. Leo nataka kujenga nyumba nyumbani kwetu, na sina haki ya mawe niliyoyabeba kwa shingo yangu? Jiwe ni jiwe. Mlima umejaa. Tuma watu waokote mengine.

Nyumba lazima iishe kabla ya Krismasi. Usiniulize kwa nini.

Barua anakuja nayo Alizèta muuza kokwa za kola. Mpe chakula, ni mtu wa njiani.

Tiraogo

*

Tangsega, 9 Agosti 1998

Kwa mdogo wangu Tiraogo,

Salamu kwako na kwa wote walio chini ya dari yako. Alizèta alifika salama. Alikula ugali wa uwele na mlenda wa majani ya mbuyu, akalala, akaondoka na kanga mmoja. Hakukosa kitu.

Niwie radhi kwa kuchelewa tena. Tulikuwa tunapanda kwa mara ya tatu.

Umenikumbusha neno langu la makaburi ya panya. Nililisema. Nililiungama kwa padre, na nilimwomba Sibdou msamaha mwaka ule tulipovuna mara ya kwanza, tukakosa mahali pa kuweka mtama. Alinijibu, "Baba Lamoussa, shika jembe, msamaha uko shimoni." Nimelishika tangu siku hiyo. Kwako sikuomba, kwa sababu ulikwisha kupanda treni. Naomba sasa. Lakini usidhani kwamba deni la ulimi wangu linalipwa kwa kubomoa shamba.

Unasema jiwe ni jiwe. Sivyo. Jiwe lililo mlimani ni jiwe. Jiwe lililowekwa mahali pake kwa kipimo cha maji, likakaa miaka kumi na mitano, likashika udongo mgongoni mwake hata nyasi zikaota, hilo si jiwe tena, ni kazi. Wewe ulilibeba, nakiri. Mtu aliyebeba maji ya kuoshea mtoto hana ruhusa ya kurudi baadaye kumdai mtoto jasho lake.

Bwana shamba alikuja wiki iliyopita na daftari lake. Akasema maneno ambayo sikuyapenda kwa sababu ni ya kweli. "Mzee, mbegu ni ile ile, samadi ni ile ile, mikono ni ile ile, hata mvua ni ile ile. Huku juu unalima, huku chini unajichosha." Juu, nyuma ya mistari iliyosalia, uwele umenifika kifuani. Chini ya pengo umefika kifundoni, na wenyewe ni wa manjano. Lamoussa hutumia siku nzima kupalilia upande ule, jioni hana cha kuonyesha ila mgongo unaouma. Nimemwambia aache. Amenijibu kwamba akiacha atalia, na afadhali kupalilia.

Lakini mavuno ya mwaka huu si jambo kuu. Korongo linapanda. Kila mvua kubwa linakula hatua nne kuelekea juu. Limebakiza hatua thelathini kuufikia mstari wa nne. Likiufikia, maji yatapita chini ya mawe, mistari yote italegea mmoja baada ya mwingine, na shamba litarudi kuwa sakafu. Ndilo shamba linalotulisha sisi watano. Hakuna jingine.

Nilikwenda kwa Zerbo. Nilimkuta juu ya ngazi, na Lamoussa alikuwa nami. Zerbo ni Msamo, sisi ni Wamosi, na wajua utani wetu ulivyo: alianza kabla sijafika.

"Mtumwa wangu amekuja! Umeleta maji ya kunywa au umekuja kuomba kazi ya kukoroga udongo?"

Lamoussa akamjibu kabla yangu. "Msamo, shuka. Leo hatukuja kwa utani."

"Mimi nimezaliwa kwa utani, dada."

"Na utazikwa kwa huo huo. Shuka."

Akashuka. Nikamwambia nataka mawe yarudi. Aliniangalia, akamwangalia Lamoussa, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mwenye nyumba kasema isimame. Siwezi kubomoa. Na wewe mzee unajua." Lamoussa akauliza, "Anajua nini?" Zerbo akapanda ngazi.

Kuhusu neno la ruhusa, nitakuandikia siku nyingine.

Nakutaka, na hapa siombi, umwandikie Zerbo aurudishe ule ukuta wa ua shambani kabla ya mvua za Septemba. Msingi uache. Ua si lazima. Mwenye haja ya ua ni mtu anayeogopa majirani zake, nawe hapa huna wa kumwogopa.

Barua hii anaileta Mumuni wa basi.

Kaka yako,
Anselme

*

Soubré, 2 Septemba 1998

Kaka,

Salamu.

Hapana.

Ua unabaki. Mtu aliyekaa miaka kumi na minne kwenye ardhi ya wengine anajua ua ni kitu gani. Wewe hujui.

Unanipa mahubiri ya mtoto na maji ya kuoga. Sawa. Mimi nakupa lile moja ulilolikwepa: ulisema au hukusema? Kurasa tano umeandika na neno hilo umeliweka "siku nyingine". Siku nyingine ndiyo leo.

Ukigusa ukuta wangu, usiniite mdogo wako tena.

Mumuni anarudi na barua hii.

Tiraogo

*

Soubré, 4 Oktoba 1998

Kaka Anselme,

Salamu kwako, kwa Lamoussa na watoto wake. Mwezi mzima sijapata jibu. Basi la Mumuni limepita mara nne, na kila mara nimekwenda kituoni mwenyewe. Mara ya mwisho akaniambia, "Tiraogo, ningekuwa nayo ningekutupia dirishani, acha kunizuia njia."

Umeumwa? Kama umeumwa, Lamoussa aandike, hata kwa herufi mbovu.

Nataka kujua mabati yamefika au hayajafika. Nataka kujua kama chumba cha nyuma kimesakafiwa. Na kile kibanda chako cha kuwekea majembe, kina nafasi? Kuna vitu vyetu kidogo. Vitanda, sufuria, cherehani ya shemeji yako. Si kwamba kuna jambo. Nauliza tu.

Lile neno la kuniita mdogo nililiandika asubuhi, na wewe unajua asubuhi zangu.

Korongo limefika wapi?

Barua anayo mama mmoja anayekwenda mazishi huko Ouahigouya. Sikumuuliza jina, nisamehe, alikuwa analia.

Tiraogo

*

Tangsega, 22 Novemba 1998

Kwa mdogo wangu Tiraogo,

Salamu zote ulizowahi kupokea kutoka kwangu zihesabu kuwa zimo katika hii, nawe uketi kabla hujaendelea. Mwambie shemeji yangu aketi pia. Waite watoto, wasalimiwe, kisha watoke nje, kwa sababu yanayofuata si ya watoto.

Nimechelewa kujibu barua mbili. Sikuumwa. Nilikaa kimya kwa kusudi. Ulikuwa umeniuliza swali la haki, na sikuwa na jibu ambalo mtu wa umri wangu angependa kuliandika kwa mkono wake.

Nilisema.

Ilikuwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi. Nilikuwa natoka kwenda kukata matawi ya mitende kwa ajili ya kanisa, nikakutana na Zerbo na mikokoteni miwili ya punda. Akapaza sauti tangu mbali: "Ewe mtumwa wa Wasamo! Leo tumekuja kukuibia mawe ya shambani kwako. Ukilala, na wewe tutakutia kwenye msingi." Nikamjibu kama anavyojibiwa mtani: "Chukueni yote, walaji mbwa nyie, maana Msamo hajawahi kujenga kwa chake. Mkimaliza rudini mnichukue na mimi, nimechoka kutembea." Vibarua wake wakacheka mpaka punda wakashtuka. Nikawaita, wakanywa maji ya unga nyumbani kwangu. Kisha nikaenda zangu.

Wewe umekaa mbali, lakini hujasahau. Mtani akikuambia anakuibia, ukienda kuchungulia kama ni kweli umeuvunja utani, na kuuvunja ni aibu kubwa kuliko kuibiwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nilisikia mawe yakigonga mbao za mkokoteni tangu saa tatu hadi alasiri, na nilijiambia kwamba wanayatoa kilimani. Jioni nilirudi kwa njia ya shamba, nikaona. Siku ile ile, mdogo wangu, nikaona. Msimu ulikuwa bado, na mawe yalikuwa bado yamelundikwa kando ya barabara. Ningesema neno moja yangerudi kesho yake. Sikusema. Mtu aliyekwisha kucheka asubuhi haoni njia rahisi ya kulia jioni. Nikaona haya. Nikaiachia mvua iseme kwa niaba yangu, kisha nikakuandikia wewe barua ya kurasa nne kukuuliza ni nani aliyetoa ruhusa.

Lamoussa hakujua. Nilimwambia mwezi Septemba, wiki ile korongo lilipoufikia mstari wa nne. Alikuwa ameshika jembe. Akasema, "Baba, mama alikaa na wewe miaka thelathini na mitano. Ningekuwa mimi, miwili." Kisha akaenda kuziba korongo kwa matawi ya miiba na udongo, peke yake, na mimi nikamfuata nyuma nikibeba. Hatukusemezana siku sita. Kuziba huko kulisaidia. Mstari wa nne umelegea lakini haukuanguka.

Sasa na wewe, kwa kuwa mimi nimekwisha kukaa uchi barazani.

Barua yako ya Oktoba niliisoma mara mbili, kisha nikampa Lamoussa. Aliifikia cherehani, akasimama. Hakuna mtu anayesafirisha cherehani kuja kutembea, alisema. Akaenda kwa Zerbo. Sikuwapo, lakini nimesimuliwa na wote wawili, na simulizi zao zinafanana ila pale kila mmoja anapojisifu.

"Msamo, wana jambo gani kule?"

"Dada, nimeapishwa."

"Umeapishwa na nani?"

"Na baba yako mdogo. Kasema nikifungua mdomo hanilipi."

"Basi usifungue mdomo. Mimi nitasema, wewe utikise kichwa. Wamefukuzwa?"

Zerbo akatikisa kichwa kukubali.

Ndivyo tulivyojua, swali baada ya swali. Mwenyeji wako mzee amekufa, na wanawe wamesema msitu haukuuzwa, ulikopeshwa. Miti ya kakao uliipanda wewe, lakini udongo ni wao, na miti haiwezi kuondoka na wewe. Wamekupa muda wa kuvuna mara moja, ya mwisho. Miaka kumi na minne uliilea ardhi ya watu, na ilipokuwa nzuri wakaikumbuka. Na tangu mwezi Machi ulijua.

Tangu Machi! Ungeliandika mstari mmoja. Ungelisema, kaka, tunarudi, hatuna pa kulala. Ningetoa chumba changu. Ningelala ghalani. Badala yake ukaficha, ukatuma fundi ajenge mbio mbio kabla watu hawajajua kwamba Tiraogo wa Kodivaa anarudi na sufuria zake. Uliona haya mbele ya kijiji. Mimi niliona haya mbele ya Msamo. Na baina ya haya zetu mbili shamba la Sibdou likapasuka. Yeye peke yake ndiye aliyechekwa katika familia hii, na yeye peke yake hakuona haya ya kitu.

Haya ndiyo mavuno. Nimepima vipande viwili vyenye ukubwa sawa, kama anavyotaka bwana shamba. Kipande cha juu ya pengo kimetoa vikapu arobaini na sita vya masuke. Kipande cha chini vikapu saba. Lamoussa alitumia siku nyingi zaidi kwenye hivyo saba. Hatutalala njaa hadi mwezi wa tano. Kuanzia hapo mpaka mavuno mengine sijui, na mtakuwa nyumbani watu sita zaidi.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Jumatatu baada ya masuke kuingia ghalani, asubuhi, watu wote wakiona, nilikwenda nyumbani kwako na Lamoussa na wanawake kumi na wawili wa kikundi chake cha kulima, na nikauvunja ukuta wa ua wako. Zerbo alisimama mlangoni. Nikamwambia, "Msamo, mwezi wa nne nilikuambia chukua. Leo nakuambia rudisha, na sikutanii." Kisha akaingia ndani, akatoka na mtaimbo, akaanza kuung'oa ukuta alioujenga mwenyewe. Akasema tu, "Mzee, ningejua una sauti hiyo ningeiogopa tangu Aprili."

Nilikuwa nimeandika hapa maneno "niwie radhi". Nimeyakata, utaona yalivyokatwa. Nimeomba radhi maisha yangu yote kwa mambo madogo ili nisidaiwe makubwa. Kwa ukuta huu siombi. Uliniambia nikiugusa nisikuite mdogo wangu tena. Nimeugusa, na nakuita.

Yalichukuliwa mawe ya mikokoteni thelathini na miwili. Ishirini na mmoja imerudi shambani. Kumi na mmoja imo katika msingi, na msingi ukitolewa nyumba inaanguka. Nyumba nimeiacha. Mabati yamepigwa, chumba cha nyuma kimesakafiwa, kibanda changu cha majembe ni kitupu na kimefagiwa. Hakuna ua. Mtu akipita barabarani atawaona mnakula, nanyi mtamwita.

Mama Mkwe amebaki chini ya kizingiti chako. Lamoussa alitaka tumtoe, nikakataa. Kila asubuhi utakapotoka utamkanyaga, naye atakukumbusha kwamba mikokoteni kumi na mmoja inangoja kilimani. Utaikusanya wewe. Hutatuma kibarua. Mstari wa tatu una pengo la hatua thelathini na nane, na lazima lizibwe kabla ya mvua ya Juni, la sivyo haya yote tumeyafanya bure. Nimechimba mashimo ya kwanza mwenyewe, kumi kwa siku. Zamani nilifika hamsini. Udongo umerudi kuwa mgumu, jembe linaruka kama limegonga kengele.

Ule mpira wa kupimia umepasuka. Sibdou aliufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli mara tatu, lakini sasa unavuja pande zote na hautoi usawa. Njoo na mpya, mweupe unaopenyeza macho, mita kumi na tano. Wewe utashika ncha yako ya zamani. Ncha ya Sibdou nitaishika mimi, kama hutaona ni kumkosea. Nitapiga kelele kadiri nitakavyoweza, lakini usitegemee nikuite twiga.

Barua hii anaileta fundi Zerbo mwenyewe, anayekuja huko kudai ujira wake na kuwasaidia kufunga mizigo. Nimemkataza utani mpaka aikabidhi mkononi mwako. Amekubali, akaomba maji ya unga ya njiani, nikampa.

Kaka yako,
Anselme